Mwonjaji wa Ramadhani

Hoteli iliponistaafisha kazi ya upishi, mwisho wa mwaka 1979, walinipa saa ya ukutani. Nilishukuru, nikatoa hotuba, watu wakacheka. Nikaenda nayo nyumbani Kilifi, nikaitundika, na tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kuitazama. Mke wangu Jedida alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu nilipomwambia kwamba vitunguu havikaangwi hivyo, alinikabidhi mwiko.

"Baba Nduku, ama upike wewe, ama utoke nje ukahesabu kuku."

"Kuku wenyewe watatu."

"Basi utamaliza mapema."

Kwa hiyo Juni ya 1981, meneja alipomtuma dereva aje kuniita, nilivaa viatu kabla hatujamaliza kusalimiana.

Ulikuwa mkataba wa miezi mitatu, Julai hadi Septemba. Wageni walikuwa wengi, na Ramadhani ilikuwa inaingia mwezi huo huo wa Julai. Hilo la pili ndilo lililonirudisha. Katika jiko letu la hotelini, ufuo wa Bofa, wapishi karibu wote walikuwa watu wa Malindi na Mambrui, na walikuwa wakifunga. Aliyefunga hupika vizuri tu, ila haonji. Basi kwa miaka kumi na minne, kila mwezi huo ulipofika, mimi Joram, Mkamba wa Machakos, Mkristo wa Krismasi na Pasaka, ndiye niliyekuwa ulimi wa jiko zima. Sufuria halikutoka bila mimi kusema sawa. Ramadhani moja niliyokosekana walimwonjesha Ochola, mhudumu wa mezani, ambaye hutafuna pilipili kama karanga. Wageni walitokwa na machozi mpaka Idi.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo dereva hakuambiwa, wala meneja. Machi ya mwaka ule nilishikwa na homa, nikalala siku kumi na moja. Nilipoinuka, kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa ladha. Nilidhani itarudi na nguvu. Nguvu zilirudi peke yake. Nilimficha Jedida hadi asubuhi aliyokosea kopo akanitilia chumvi kwenye chai. Nikanywa kikombe chote, nikaomba kingine. Akakaa chini polepole.

"Baba Nduku, chai ikoje?"

"Tamu."

Hakucheka. Mimi nilicheka kwa niaba yetu sote wawili.

Usiku wa kuamkia mkataba aliniuliza, "Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Nikishatia sahihi."

Faki Awadh alinipokea mlangoni mwa jiko kwa mikono miwili. Zamani alikuja kwangu akiwa mtu wa kumenya viazi. Sasa alikuwa akikaimu upishi mkuu, akingoja barua ya kuthibitishwa, na watoto wanne Mambrui wakingoja pamoja naye.

"Shikamoo, mzee wangu. Alhamdulillahi, ulimi wetu umerudi nyumbani."

"Marahaba. Umenenepa, Faki. Unafunga kweli wewe?"

"Nafunga mchana, nafungua usiku kucha!"

Shekhe wa kwao alikwisha kumweleza kwamba mpishi ana ruhusa, akilazimika, kugusisha ncha ya ulimi kisha ateme na kusukutua. Faki alikataa tangu ujana. "Nikizoea kutema, nitazoea na kumeza," alikuwa akisema. "Bora Joram aonje. Yeye kumeza ni haki yake."

Siku za kwanza zilipita vyema, kwa sababu mkono wa Faki haukuwa na makosa. Alileta upawa, nikachota, nikafumba macho, nikangoja kidogo kama mtu anayesikiliza mlango, nikasema sawa. Sahani zikarudi kutoka mezani zimelambwa. Nikajiambia, Joram, huo mkataba utaumaliza kwa kufumba macho tu.

Lakini mwonjaji anayesema sawa kila siku anaanza kuonekana pambo. Siku ya tano nikaona kijana wa saladi ananitazama. Basi nikainua kidole, nikasema, "Bado, Faki. Ongeza ncha moja ya chumvi." Sijui nilikitoa wapi kiburi kile. Faki akaongeza mara moja, akafurahi. "Mnaona?" akawaambia wenzake. "Hicho ndicho nilichokikosa mwaka jana." Tangu hapo nikawa natoa amri kila siku mbili: ncha ya chumvi hapa, ndimu pale. Ilikuwa raha, naapa. Nilikuwa mtu tena.

Siku ya kumi supu ya kaa ilirudi. Ochola aliingia na trei mkononi.

"Mgeni wa meza ya nane anauliza kama tumechota bahari."

Meneja, Bwana Mwaura, alikuja nyuma yake. Akatia kijiko, akakunja uso wote. Faki hakunitazama hata mara moja.

"Mkono wangu umeteleza, bwana," alisema.

Alipoondoka meneja, Faki alinivuta kando karibu na magunia ya mchele. "Niwie radhi, mzee wangu, nimekuaibisha. Nadhani nilitia tena baada ya wewe kuonja. Njaa imenichezea akili." Nilimpiga begani tu. Tangu hapo akawa anatia chumvi kwa woga, chembe chache mno, na siku tatu baadaye mchuzi wa samaki ukatoka bila ladha yoyote, nami nikiwa nimeukubali kwa kichwa. Safari hiyo ilirudi meza nzima.

Bwana Mwaura aliniita ofisini, akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na mkataba mwingine, wa miaka miwili. Mpishi mkuu.

"Faki hafai kazi hii," alisema. "Ijumaa tunawalisha mawakala wa safari kutoka ng'ambo. Akiharibu tena, Idi hii anashuka kuosha vyombo, ama aende kwao. Wewe ni mtu mzima, unaujua ulimi wako."

Nilikubali kwamba naujua.

Jedida aliusoma mkataba ule mara mbili kwenye taa, akaukunja vilevile ulivyokuwa. Juu ya kichwa chake ile saa ya hoteli ilikuwa ikigonga.

"Faki amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Na ukishakuwa mpishi mkuu, atakuonjea nani?"

Nilianza kutafuta mzaha. Nikautafuta mpaka usingizi ukanipitia.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, kila mtu alikuwa mahali pake jikoni. Supu ya kaa ilikuwa imerudi kwenye orodha. Mwaura aliitaka hiyo hiyo, makusudi. Alisimama mlangoni na mikono nyuma. Midomo ya Faki ilikuwa imekauka na kupasuka. Alichota, akanishikia upawa kwa mikono miwili, kama anavyompa baba yake maji.

"Onja, mzee wangu. Leo usinionee huruma. Niambie kweli."

Niliingiza kijiko. Ilikuwa nzito, ina mvuke, ilipita kooni. Hicho tu ndicho nilichokijua. Watu sita walikuwa wakiutazama uso wangu, na bahasha ilikuwa mfukoni mwa shati, naisikia inavyokwaruza.

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini?"

"Sijui kama ina chumvi. Ulimi wangu umekufa, Faki. Tangu Machi."

Ochola ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Hata Mwaura alitabasamu. "Mzee Joram," alisema, "mizaha baadaye." Miaka yote nimewachekesha watu wale, siku niliyosema kweli hawakuwa na pa kuiweka. Faki pekee hakucheka. Alikuwa ananitazama mdomoni.

Nikaenda kwenye kopo la chumvi, ile ya mawe. Nikajaza kijiko cha mezani, nikakitia mdomoni mbele yao. Nikatafuna. Ilikuwa kama mchanga wa ufukweni chini ya meno, basi. Sikukunja hata jicho. Vicheko vikakatika kimoja kimoja, mpaka nikabaki nasikia meno yangu.

"Ile ya bahari ilikuwa yangu," nikamwambia Mwaura. "Na ule mchuzi. Mkono wake haukuteleza. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze." Nikaitoa bahasha, nikaiweka juu ya ubao wa kukatia mboga, penye majimaji ya nyanya.

Mwaura aliichukua kwa vidole viwili. Hakupaza sauti. "Kesho usije, mzee," alisema. Kisha akamgeukia Faki. "Wageni wanaingia saa kumi na moja."

Faki alishika upawa. Nilitamani anitukane, ningejua la kujibu. Badala yake alichota supu, akaiacha ipoe, akagusisha ncha ya ulimi. Akaenda kwenye sinki, akatema. Akasukutua mara tatu, akatema tena, mgongo wake ukiwa kwangu. Kitu alichojizuia nacho maisha yake yote, akakifanya mbele yangu, kwa ajili yangu.

"Nusu kijiko," aliwaambia wenzake. Sauti yake ilikuwa imara.

Trei zilirudi zimekwanguliwa. Ochola alinipita akiangalia chini.

Adhana ya magharibi ilipoanza walikuwa wamekwisha kutandika mkeka nyuma ya jiko, penye upepo. Miaka yote nilifuturu nao ingawa sikufunga, na mwenye kunitania kwa hilo alikuwa Faki. Nilikuwa nimevaa koti langu, nashika baiskeli.

"Mzee Joram," akaita. "Utaondoka bila kula?"

Nikarudi, nikakaa pembeni kabisa, nusu ya makalio kwenye mchanga. Walianza kwa tende na maji. Kisha Faki akanijazia bakuli la supu iliyobaki, akalisukuma mbele yangu. Nikanywa. Wote wakaacha kutafuna.

"Ikoje?" akaniuliza.

Niliuangalia uso wake nijue kama ananitania au ananihukumu. Giza lilikuwa limeshaanza, sikuona vizuri.

"Ya moto," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Faki alikata ndimu vipande viwili, akakamua kimoja kwenye bakuli lake. Cha pili alikishika kwa muda, kisha akakiweka mbele yangu, kama zamani, akarudi kwenye chakula chake.