Tulipopishana Mtoni

Maji yalikuwa yamenifika magotini nilipomwona mkwe wangu Nawelpan akija kutoka ng'ambo, amekonda, kichwa kimenyolewa, anakanyaga mawe ya mtoni kama mtu aliyesahau kutembea bila pingu. Mimi nilikuwa natoka kwa Wamapuche, wenyeji wa nchi hii, kwenda kwa Wahispania. Yeye alikuwa anatoka kwa Wahispania kurudi kwetu. Walikuwa wamemwambia kwamba atabadilishwa na mwanamke mateka. Hawakumwambia ni nani.

Akasimama katikati ya mkondo.

"Mama," akasema, "unaenda wapi?"

Nilizaliwa Mhispania, nikaitwa Leonor. Mji wetu ulizingirwa muda mrefu hata tukachemsha ngozi za matandiko ya farasi tukanywa mchuzi wake, na siku ulipoanguka nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto. Kaka yangu Baltasar alikuwa amekwisha kupelekwa pwani kabla ya njia kufungwa. Mimi nilitolewa kwenye moshi na mwanamke wa Kimapuche aliyeitwa Kintuway. Alinishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka kwake bila kugeuka nyuma. Mwaka mzima nililia. Uliofuata nikagombana na wanawe kila siku, na hapo, nadhani, ndipo nilipokuwa mtoto wa nyumba ile. Wakaniita Wanglen, yaani nyota. Nikaolewa na mpwa wake, nikamzaa Llankaray, nikamzika mume wangu vitani. Kihispania kikanitoka kama maji kwenye kapu. Kilichobaki ni nusu ya sala na jina la mbwa wetu wa zamani.

Kisha pande zote mbili zikachoka kuuana. Ikasemwa kwamba kutakuwa na mkutano wa amani kando ya mto Quillín, na kwamba mateka watarudishwa. Mkuu wa bonde letu akaja mwenyewe, akaketi kwenye ngozi karibu na moto, akanywa pombe ya mahindi aliyopewa.

"Kuna Mhispania anamtafuta dada yake Leonor tangu ujana wake," akasema mwishowe, macho yake chini. "Nawelpan yuko mikononi mwake. Anasema dada yake akija, kijana anarudi. Mimi sikulazimishi, mama Llankaray."

"Hapa hakuna Leonor," akadakia Kintuway, mikono yake haijaacha jiwe la kusagia. "Yupo binti yangu, na yupo mbwa. Mpelekee mbwa."

Watu wakacheka. Hata mkuu alicheka, lakini hakuinuka.

Binti yangu hakucheka. Mimba yake ilikuwa imekwisha kumlemea, na mumewe alikuwa ametekwa kabla hajajua kama ataitwa baba. "Usiende, mama," akaniambia nje, tulipokuwa tunakusanya kuni. "Nitamzaa hivyo hivyo. Wangapi wamezaliwa bila baba bonde hili?"

Kama angeniomba niende, pengine ningekataa, maana moyo wa mzazi nao una ukaidi wake. Hakuniomba. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba na joho la sufu la mumewe mapajani, amelikunja vizuri, amezika uso ndani yake anavuta harufu. Nikarudi ndani nikamwambia Kintuway kwamba nitakwenda.

Alinichana nywele, akazisuka polepole, kisha akazifumua akazisuka tena.

"Ulikuja mwembamba kama ufito," akasema. "Tumekunenepesha, ndio sasa wanakukumbuka! Watu gani hawa?"

Akazifumua mara ya tatu.

Kwa hiyo Nawelpan aliponiuliza pale mtoni naenda wapi, nilikuwa na mengi ya kumwambia, na nyuma yangu watu walikuwa wanapiga kelele tusisimame. Nikamshika uso. Ndevu zake changa zilinichoma viganja.

"Mkeo ana mimba," nikamwambia. "Usimwache akachote maji peke yake, ule mteremko unateleza. Na usibishane na Kintuway, hata akikosea."

"Mama, turudi wote."

"Nenda, mwanangu. Maji ni baridi."

Akanipita. Nilisikia Llankaray akipiga yowe ukingoni, yowe la furaha, na katikati yake likageuka likawa jina langu. Sikutazama nyuma. Ningetazama, miguu isingenisikia.

Upande wa pili mzee mwenye mvi alinikumbatia akalia shingoni mwangu, akinieleza mambo mengi. Sikuelewa hata moja. Nilimpigapiga mgongoni kama mtu anavyombembeleza mtoto wa jirani.

Baltasar ni mtu mwema, sitamsema vibaya. Alinileta hapa mjini Concepción, akanipa chumba chenye dirisha, akakaa nami kila alasiri kunirudishia lugha, neno kwa neno. Maneno yalipotosha kuunda ombi, nikamwomba anipeleke kusini, niwaone tu, kisha nirudi.

"Njia ile ni ya askari na mapadri," akasema. "Na wewe, dada yangu, si umefika nyumbani?"

Alinitazama kwa upendo mwingi.

Majira ya baridi yalipoanza, alikuja mlangoni mchuuzi aliyezoea kununua sufu kwa Wamapuche. Nilimshika mkono nikamketisha jikoni, nikamtajia bonde, nikamtajia majina. Akafikiri, huku anakula.

"Llankaray, mke wa Nawelpan? Nimemwona, mama. Alikuwa na mtoto mgongoni."

"Wa kike au wa kiume?"

"Mtoto tu. Alikuwa amefunikwa, sikumwona uso."

Nikamwuliza kilichomfunika kilikuwa kizito au chepesi. Akasema hakuangalia. Nje sakitu, ile baridi ya barafu, ilikuwa imeanza kukaza matope ya barabarani, na kule kwetu, juu karibu na milima, huwa inatangulia.