Mdhamini wa Asmaa

Asmaa alikuwa kidato cha nne babake alipofariki. Kabla mamake hajamaliza eda, Ami Bakr, ndugu wa marehemu, alikuwa ameshaliuza shamba lao la minazi la Kipungani kwa watu wa hoteli. Alisema pesa zote zimeishia kwenye matibabu na matanga. Bi Kulthum, mamake Asmaa, alimwamini, akarudi kwenye ukili wake kusuka mikeka.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Asmaa alikuwa na alama za kusomea udaktari. Ami Bakr akamwita nyumbani kwake Mkomani, mjini Amu, akasema naye mbele ya wageni.

"Udaktari ni mrefu na ghali, mwanangu. Soma bayolojia, uchukue mkopo wa serikali. Mimi mwenyewe nitakudhamini."

Wageni wakamwombea Mungu amzidishie. Mwaka uo huo Ami Bakr alimpeleka binti yake Lubna Uturuki, kusomea udaktari.

Asmaa aliujua ukweli baadaye sana, kwenye karamu ya kumpokea Lubna aliporudi daktari. Lubna, asiye na hila, alimshika mkono akamwambia, "Baba asema lile shamba la kwenu ndilo lililonisomesha. Mungu amrehemu ami." Alidhani Asmaa ajua. Asmaa aliendelea kutafuna pilau bila kuisikia ladha yake. Hakumwambia mamake. Alilifungia jambo hilo moyoni, likamkaa huko kama mwiba wa samaki.

Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika maabara ya kliniki moja pale Amu, na kila mwisho wa mwezi mkopo wa chuo ulikatwa kwenye mshahara wake. Hata hivyo alijinyima, akaweka akiba, akaomba tena nafasi ya udaktari. Chuo kimoja cha Mombasa kikamkubali, kwa kujilipia mwenyewe.

Alimwonyesha Wanyama, mkuu wa maabara, barua ya chuo. Wanyama alifurahi, kisha akakuna kidevu.

"Ukiacha kazi, makato yatakoma, lakini deni halitakoma. Waandikie watu wa mkopo uwaombe wakusubiri mpaka umalize. Wao hukubali."

"Na nisipowaandikia?"

"Faini zitapanda, na jina lako litachafuka. Hakuna benki itakayokukopesha ada. Halafu watamwandama mdhamini wako."

"Watamwandama kweli?"

"Kweli kabisa. Na jina lake litachafuka vilevile."

Asmaa alikwenda na wazo hilo nyumbani. Akiba yake ingetosha ada ya miaka miwili tu. Akiwaandikia, huenda akapata mkopo mwingine wa kuendelea. Asipowaandikia, mlango huo aufunga kwa mkono wake mwenyewe. Aliyapima hayo siku nyingi. Lakini kila akikaa kuandika, alimwona Lubna na koti lake jeupe, na Ami Bakr akipokea pongezi. Hakuandika. Aliacha kazi, akaenda Mombasa, na barua za kumdai zilipoanza kuja hakuzijibu.

Alikuwa nyumbani Kipungani kwa likizo Ami Bakr alipofika na boti ya kukodi, jasho likimtiririka. Alikuwa akijenga ghorofa ya pili kwenye nyumba yake ya wageni kule Shela, na benki ilikuwa imemnyima mkopo.

"Meneja aniambia mimi ni mtu asiyelipa madeni!" alipiga kelele. "Mimi, Bakr! Mbele ya watu! Wafanyaje wewe?"

"Nasoma udaktari, Ami."

"Lipa deni lako!"

"Ulilidhamini wewe. Lilipe."

Bi Kulthum aliweka chini ukili. "Asmaa, mwanangu, hiyo si ndia. Huyu ni ami yako."

"Basi akwambie mwenyewe, mama, shamba la baba lilikwenda wapi. Akisema, ntawaandikia wenye deni yeo hii wamwate kwanza, wasimwandame. Asiposema, na alipe yote."

Ami Bakr alitazama mlango, akatazama mkeka. Akaanza kusema habari ya dawa, ya sanda, ya wasomaji wa hitima. Asmaa akamwacha amalize, kisha akauliza taratibu, "Na Uturuki?"

Ami Bakr akainama kutafuta viatu vyake. Bi Kulthum alimkazia macho, akaelewa shamba lilikokwenda.

"Shemeji," alisema, "toka nyumbani kwangu."

Alitoka. Maji yalikuwa yamekupwa na boti imesimama mbali, kwa hiyo alitembea kwenye matope, kanzu ameishika juu ya magoti, na vijana waliokuwa wakitengeneza nyavu hawakuinuka kumsaidia. Asmaa alisimama mlangoni akimtazama mpaka mwisho. Alihisi utamu ambao hakuwahi kuuonja maishani, na hakuuonea haya.

Mamake hakumsifu. "Ungaliniambia mapema," alisema tu, akaingia jikoni akalia peke yake.

Ami Bakr alilipa deni lote, na faini, maana ghorofa ilikuwa imebaki bila paa. Mji mzima ulisikia kwamba mtoto wa nduguye hana shukrani. Asmaa sasa yuko mwaka wa pili. Mwishoni mwa wiki hufanya zamu katika maabara moja ya Mombasa, na ada ya mwaka wa tatu bado hajui itatoka wapi. Wenzake wakimwuliza ni nani aliyemlipia shahada ya kwanza, huwajibu bila kusita, "Marehemu baba."