Mkwe Bafuni, Meli Bandarini

Tone la maji lilianguka ndani ya beseni. Ti. Kimya. Ti tena. Nakhisa akakurupuka gizani, miguu ikitafuta ngazi ya chuma, mkono ukipapasa ukutani kutafuta swichi ya pampu. Ukuta haukuwa na swichi. Ulikuwa na kalenda ya kanisa, na koti la mumewe, Wamalwa, likining'inia kwenye msumari.

"Mama Naliaka," mumewe akasema kutoka ndani ya blanketi, sauti nusu usingizi nusu kicheko, "ni mfereji unavuja. Hapa ni Bukoto, Kampala. Tukizama, tunazama na mwenye nyumba."

Akajilaza tena. Kwa miezi saba alikuwa amelala hatua tatu kutoka kwenye injini ya Nyange, meli ya matanga inayochukua wageni na kufuata pwani yote pole pole, kutoka Lamu kwenda Durban, ikipiga hodi kila kisiwa kama mtu anayetembelea jamaa zake. Yeye ndiye fundi wake wa injini. Alianza kwa kumshikia baba yake spana kule Ggaba ziwani, kwenye mitumbwi ya wavuvi. Kisha akasoma masomo ya jioni miaka mitatu, mchana akipanga vitunguu na Wamalwa sokoni Nakasero, jioni daftari mapajani na Naliaka mgongoni. Manahodha wanne walisoma barua yake wasijibu. Wa tano, Nahodha Abdul-Latif, aliuliza swali moja tu: "Bahari inakutapisha?" Akamjibu kwamba hajui, hajawahi kuiona. Mzee akacheka, akamchukua.

Sasa Nyange ilikuwa Dar es Salaam ikipakwa rangi, naye alikuwa amepewa siku nane. Nne zinaliwa na basi, mbili kuja na mbili kurudi. Zilibaki nne za nyumbani, na mbele yake miezi mitano ya safari. Akiimaliza, atakuwa ametimiza mwaka mzima baharini, na ataruhusiwa kufanya mtihani wa uhandisi wa meli. Asiporudi kwa siku aliyopewa, meli itang'oa nanga na fundi mwingine.

Siku ya kwanza ililiwa na wageni. Watu wa kanisa walikuja, binamu za Wamalwa wakaja, kila mmoja akitaka kumwona aliyetoka baharini, na kila mmoja akimwagiza aje kwake kesho anywe chai. Naliaka, mwenye miaka minne na nusu, alimchungulia mama yake siku nzima kutoka nyuma ya sketi ya bibi yake. Jioni ndipo aliposogea, akamshika mkono, akaunusa.

"Unanuka gari."

"Ni meli, mama. Meli ndiyo inanuka hivyo."

Mtoto akafikiri. Kisha akapanda mapajani, akakaa, kama mtu aliyekagua kiti akakiona ni kizima.

Usiku huo mama mkwe wake, Kukhu Vera, yaani Bibi Vera, aliyekuwa amemlea mtoto miezi yote saba, alisukuma sahani kando. "Jumamosi naenda nyumbani Bungoma. Mvua imeanza. Mahindi yangu yatapandwa na nani, na hawa kunguru wa Kampala?"

"Mayi, mimi naondoka Jumapili," Nakhisa akasema.

"Najua. Ndiyo maana nakwambia leo, si Jumapili. Nimemlea huyu mtoto kwa moyo wangu wote, lakini mwanamke kwenda kulala na injini, na mimi kuachia shamba majani, hayo mawili siyawezi pamoja."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka, na alisema alichokisema. Wamalwa hutoka nyumbani saa kumi alfajiri kupokea magunia ya vitunguu. Hawezi kubaki na mtoto peke yake. Nakhisa alitoka nje, akaegemea ukuta, akampigia simu mama yake mzazi, Rispa, aliyekuwa amerudi kijijini ng'ambo ya mpaka wa Malaba. Hakumaliza hata salamu, akasema: "Mama, njoo. Njoo unishikie Naliaka." Rispa naye, aliposikia sauti ile, hakuuliza hata swali moja. Siku ya pili usiku alipanda basi.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kwao Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawalali chini ya paa moja. Si ugomvi; ndiyo heshima yenyewe. Nakhisa aliijua tangu utotoni. Lakini ukikaa miezi saba kwenye meli ambamo watu tisa hupishana katika ujia wenye upana wa mlango, unasahau kwamba kuna watu wasiopaswa kupishana. Yeye alidhani mama yake atajua pa kulala, na mama yake akadhani bintiye amekwisha kupanga.

Ijumaa saa mbili asubuhi Wamalwa, aliyekuwa amesharudi kutoka kupokea magunia, alikuwa bafuni, kile kibanda cha mabati katikati ya ua, akiimba huku akijimwagia maji, ndipo lango likalia.

"Hodi!"

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Rispa aliingia na begi kichwani na kuku kwapani. Aliona shati la kiume juu ya mlango wa bafu. Palepale aliugeukia ukuta, akavuta leso hadi puani.

"Nakhisa. Ni nani huyo anayeoga?"

"Mama, ni... ni yeye."

"Na mimi nalala wapi?"

Kukhu Vera akatokea mlangoni na kikombe cha chai. "Karibu sana, mama yake Nakhisa. Umekuja wakati mzuri. Mwanangu atakaukia humo kama mukene, wale dagaa wa Ggaba."

"Ninalo taulo!" Wamalwa akasema kutoka bafuni. "Lakini ni dogo!"

"Banange!" Jirani yao Zulaikha, Mnubi wa mlango wa pili, alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. "Shemeji, usitoke! Wallahi usitoke!" Akakimbilia ndani, akarudi na gurbaba yake, ile nguo ndefu ya kujitanda, ya rangi ya chungwa. Akampa Nakhisa ncha moja, yeye akashika nyingine, wakaikunjua katikati ya ua kama pazia. "Haya tembea. Huoni, huonekani."

Miguu ya Wamalwa ikapita chini ya pazia, povu likiwa bado kwenye vifundo. Haikuelekea mlangoni kwake. Ilisimama.

"Naliaka! Mwambie kukhu yako, mulembe."

Mtoto akakimbia na salamu hiyo hadi ukutani. "Kukhu, mulembe."

"Mwambie, mulembe muno," Rispa akauambia ukuta.

"Mwambie nyumba ni yake hiyo. Mimi nahamia kwa Kamis, kakake Zulaikha, hapo ng'ambo ya ua, mpaka mama yako arudi. Kitanda changu kinatoka leo, na godoro lake."

Kukhu Vera akashusha kikombe. "Mwanangu ahamishwe kwake kwa sababu ya injini?"

"Sihamishwi, mayi. Nahama. Unajua sokoni wananiitaje? Baba Meli. Wachuuzi wote wa Nakasero wanajua mke wangu anafufua injini katikati ya bahari, na nikipita wananipisha. Miezi mitano ya kula kwa Kamis haitaniua."

"Upishi wa Kamis unaweza kukuua," Zulaikha akasema, "ila utakufa umekula halali."

Nakhisa alikuwa bado ameishikilia nguo juu. Upande huu mumewe na taulo, upande ule mama yake na kuku, na machozi yanamshuka asiweze kuyafuta. "Mimi naweza kubaki," akasema. "Kama ni kuwavuruga hivi, nabaki."

"Ubaki ufanye nini?" Rispa karibu ageuke, akakumbuka, akaurudia ukuta. "Pale Malaba askari wa mpaka aliniuliza, mama, Kampala unaenda kufanya nini? Nikamwambia, binti yangu ni fundi wa meli, naenda kumshikia mtoto. Alisimama, Nakhisa! Aligonga muhuri amesimama! Leo nirudi nimwambie nini, ati nilikosa pa kulala?"

Kukhu Vera alimtazama mkwe wake aliyenyoosha mikono, akamtazama yule mwanamke mwenzake aliyeupa ukuta uso. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na blanketi lake jekundu la safari, lililokuwa limekwisha kufungwa kwenye mzigo wake.

"Mkwe hampi mama mkwe nyumba kwa mikono mitupu," akasema. "Hili linatoka kwa Wamalwa. Naliaka, lipeleke. Na umwambie shamba langu nalo nitampelekea picha, aone niliwahi kupanda."

Blanketi lilikuwa kubwa kuliko mtoto. Alilivuta vumbini hadi ukutani. Rispa aliweka kuku chini, akalipokea kwa mikono miwili, akalikung'uta, akajitanda mabegani taratibu kama mtu anayevishwa joho. Kisha akainama, akanong'ona sikioni mwa mjukuu wake.

Naliaka akarudi mbio, akapita chini ya mkono wa mama yake, akasimama mbele ya pazia la chungwa, akapaza sauti ambayo ua mzima uliisikia:

"Baba, kukhu anakaa na mimi."