Nahodha wa Dirishani

Arlys Brekke hakuwa amemaliza kushusha mshipi wa kwanza redio ya upepo ilipokoroma.

"Arlys! Unanisikia? Umekwenda kushoto mno, rudi kulia!"

Alikuwa Duane, mumewe. Alikuwa amekaa dirishani kwenye nyumba yao juu ya kilima, darubini shingoni, magongo yake yameegemezwa ukutani. Alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga, na daktari alimpiga marufuku kukanyaga boti mpaka mwisho wa kiangazi. Basi Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza tangu waoane, Arlys aliingia kwenye ziwa la Pend Oreille bila yeye. Alimchukua mdogo wake, Twyla, wakajiahidi wikendi ya raha: kahawa, mikate ya mdalasini na kokani.

Kokani ni samoni mdogo asiyeijua bahari, maisha yake yote huishia ziwani. Hukaa chini kwenye baridi, na mdomo wake ni laini kama karatasi iliyolowa. Hafukuzwi kwa mbio. Unazamisha mshipi kwa tufe la risasi, mbele ya ndoana kibati cha kumetameta, kwenye ndoana punje ya hindi jeupe, kisha unaiacha boti itambae. Ni uvuvi wa watu watulivu.

"Arlys! Mnakwenda mbio!"

"Tunatambaa, Duane."

"Mimi naona povu nyuma!"

Arlys akapunguza mashine. Hata kahawa haijapoa, redio ikaita tena.

"Mbona mmezubaa hapo? Vibati havitazunguka hivyo! Na huyo Twyla amekaa upande gani? Boti imelala."

Twyla akainyakua redio. "Shemeji, boti imelala kwa sababu ya mikate. Nenda kalale na wewe."

"Mwambie dada yako ageuze!"

Asubuhi nzima ikawa hivyo. Kila walipogeuza, walikuwa wamegeuza vibaya. Samaki wa kwanza alipouma, Duane aliuona ufito wa kuvulia ukipinda kabla yao, akapiga kelele hata Twyla akashtuka, akavuta kwa nguvu. Ndoana ikarudi tupu.

"Nimekwambieni msivute!" ilisema redio.

Arlys aliizima, akafungua sanduku la barafu, akaizika chini ya chupa za soda.

"Dada," alisema Twyla, "hivi alikuoa wewe au alioa hii boti?"

"Usiniulize leo."

Kisha akaiongoza boti nyuma ya rasi, mahali ambapo hakuna dirisha linaloweza kuona. Kimya kikatanda. Mara samaki akauma, safari hii wakamwingiza wavuni taratibu, anang'aa kama kijiko kipya. Wakapata na wa pili. Twyla akavua viatu, Arlys akaanza kuimba chinichini.

Ndipo walipoisikia mashine nyingine ikija inakohoa. Lilikuwa boti la jirani yao Pruitt, lile pana lenye viti na turubai, la kutembezea wageni. Katikati yake, ndani ya jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, alikaa Duane, magongo mapajani.

"Mko hai!" alipaza sauti.

"Duane Brekke!" Arlys alihisi shingo ikimwaka. "Daktari alikwambia nini?"

"Redio yako imekufa!"

"Haijafa. Nimeizima!"

Duane akatazama pembeni. Pruitt akajifanya anachunguza turubai. Mashine ya Pruitt nayo ikakohoa mara ya mwisho, ikanyamaza. Mafuta yalikwisha. Katika ile haraka ya Duane, hakuna aliyekumbuka kutazama tangi.

Arlys alisema neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya Pruitt, akawarushia kamba. Wakaanza kulivuta lile boti pana kurudi nyumbani. Njiani ufito wa Twyla, ambao mshipi wake walisahau kuutoa majini, ukapinda hadi ukagusa maji. Kokani mkubwa kuliko wote wa siku ile akaruka.

"Usivute! Simamisha boti! Hapana, usisimamishe, tutawagonga! Arlys, kushoto!"

"Shemeji, nyamaza!"

"Wavu uko wapi? Mpe kamba! Mpe!"

Samaki akachomoka. Wakaendelea kuvuta mpaka gatini.

Pale Pruitt akaondoka haraka kutafuta mafuta, naye Twyla akabeba sanduku na kupanda kilima bila kuombwa.

"Siku moja," alisema Arlys. "Siku moja tu, Duane, nilitaka kuvua bila kuambiwa nashikaje usukani. Sasa nyonga ikifunguka nitakufanyaje?"

Duane alikuwa amekunja uso kwa maumivu, na alikuwa akiyaficha vibaya. "Mlipopita rasi sikuwaona tena. Naita, kimya. Unataka nikae pale nihesabu mawingu?"

"Ndiyo!"

"Siwezi," alisema. "Mama, ile nyumba haina sauti ninyi mkiwa huku."

Arlys akatamani kumtupa majini, yeye na magongo yake. Badala yake akampa bega, wakapanda kilima wakipumzika kila baada ya hatua chache, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa mwendo.

Jumapili Arlys akampigia simu muuguzi wa zamu. Akaambiwa Duane anaweza kwenda, mradi akae tu, asisimame, na maji yawe shwari. Maji yalikuwa kama kioo. Kwa hiyo wakamteremsha, wakamfunga kwa mikanda kwenye kiti cha jikoni katikati ya boti. Alilalamikia kamba, kahawa, na punje za mahindi kwamba ni kubwa mno. Arlys aliuma meno, macho mbele. Kisha dawa za maumivu zikafanya kazi yake, kidevu kikamwangukia kifuani, akaanza kukoroma.

Ufito wa kushoto ukapinda. Arlys akamleta samaki taratibu, Twyla akamchota kwa wavu bila kutikisa maji.

"Tumwamshe aone?" alinong'ona Twyla.

"Thubutu!"

Jua lilikuwa limeanza kumpiga Duane usoni. Arlys akavua kofia yake, akamfunika nayo polepole asije akaamka, akageuza boti kuelekea kule alikouma yule samaki.