Moshi Kwenye Ukuta wa Mjomba

Kabla ya chai, mwoshaji wa kuta aliivuta mashine yake ya kuoshea kwa maji ya presha kutoka chini ya kitanda, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa kikuukuu na kukitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Oili ilikuwa bado na rangi ya asali. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia kwenye pampu, na maji yakishaingia kwenye pampu, njaa nayo haiko mbali. Akafungua chujio, akakung'uta mchanga kidogo, akalirudisha. Mumewe alikuwa amelala chali sakafuni kwa sababu ya mgongo, na kama kila asubuhi alimsomea masharti bila kufumbua macho.

"Usiiwashe kavu."

"Siiwashi kavu."

"Na ukiachia bunduki ya maji, zima mashine. Usiiache inanguruma bure. Maji yanazunguka mle mle ndani, yanachemka, pampu inaungua."

"Baba watoto, hayo umeniambia tangu mgongo wako ulipokuwa mzima."

"Na leo nakwambia tena."

Nyuma ya pazia watoto waligombania ndoo. Chumba kilikuwa kimoja, na mashine ilikuwa na nafasi nzuri kuliko mtu yeyote humo, kwa kuwa ndiyo iliyowalisha wote. Mtaani walimwita Mama Presha. Wagonjwa wengine wa presha walilalamika kwamba wanaibiwa jina, lakini lilikwisha kumganda.

Siku hiyo kazi ilikuwa kwa mjomba wake, mdogo wa marehemu mama yake. Mjomba alikuwa na nyumba kubwa yenye uwanja na ukuta mrefu kuuzunguka, na alikuwa anatarajia wageni wa maana. Alitaka ukuta uwe mweupe. Alitaka pia apunguziwe bei, maana damu ni nzito kuliko maji. Mumewe aliposikia hayo alisema kwamba pampu yao inasukuma maji tu, damu haijawahi kuijaribu.

Mama yake alipofariki, mwoshaji alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni akichoka. Mjomba alikuja, akasema ataangalia nyumba ya marehemu mpaka mtoto akue. Mtoto akakua, akaolewa, akazaa, akaanza kuota mvi, na mjomba alikuwa bado anaangalia. Kila alipoulizwa alijibu kwa upole kabisa: "Nyumba gani, mwanangu? Hapa palikuwa pori." Na akibanwa sana: "Tutazungumza."

Alichokumbuka mwoshaji ni jiko tu: masizi ukutani, rafu ya ubao, na juu yake kikombe cha bati cha buluu chenye pengo mdomoni. Alikuwa ameambiwa habari ya pori mara nyingi mno hata siku nyingine alijiuliza kama kikombe chenyewe hakukiota. Swali hilo lilimchosha kuliko kazi. Angeonyeshwa japo tofali moja la nyumba ile, angejua kwamba hakuzaliwa kichakani.

Alianza kazi upande wa geti. Sabuni aliipaka kutoka chini kwenda juu, ili isichirizike na kuacha michirizi, kisha akasuuza kutoka juu kwenda chini. Alitumia ncha nyeupe, inayotawanya maji kama ufagio, na alisimama mbali kidogo. Plasta ni kama ngozi ya mtoto, hulainishwa, haikwaruzwi. Ncha nyekundu, inayotoa maji membamba kama msumari, aliiweka mfukoni. Hiyo ni ya chuma chenye kutu na matope ya magurudumu ya malori, na haigusi ukuta hata siku moja.

Kufikia mchana ukuta wote uling'aa, isipokuwa sehemu moja ya nyuma. Hapo palikuwa na doa jeusi, pana kama sinia, usawa wa kiuno cha mtu. Alilipaka sabuni, akalisugua, akalisuuza. Likatoka, likarudi huku akilitazama.

"Hapo bado," mjomba alisema kutoka kwenye kiti chake kivulini.

"Napaona, mjomba."

"Wageni watapita hapo hapo."

Akachomoa ncha asafishe kitundu chake. Ncha zake zote mbili zilikuwa zimechujuka rangi zamani, na yeye alizoea kuzitambua kwa kupapasa tundu kwa kidole. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa kutetemeshwa na bunduki tangu asubuhi. Akaitia mfukoni apanguse mikono, kisha akatoa moja, akapapasa, hakusikia kitu, akaichomeka akiamini ndiyo ile nyeupe. Kumbe siyo. Alipobonyeza, maji yalikata plasta kama kisu kwenye sabuni, na kipande cha ukuta kikaanguka miguuni pake.

"Nani huyo anamwaga maji?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka ndani. "Moto wangu!"

Mwoshaji akaachia bunduki, akainama kwenye tundu. Mama yake alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza makaa yaliyolowa. Nyuma yake kulikuwa na rafu ya ubao, na juu ya rafu kikombe cha buluu, pengo likielekea mlangoni. Mwoshaji alizunguka kwa nje kuhakikisha. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na kichochoro, mtaro, na paka aliyelala. Akarudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akamtazama kwa muda. Alikuwa amefariki angali kijana, na sasa alionekana mdogo wa mwanawe. "Umezeeka, mwanangu."

"Ni kazi, mama."

"Lete mkono."

Akaupenyeza mkono tunduni. Ndani palikuwa na joto. Mama akavisugua vidole kimoja kimoja, kama anayemenya maharage, mpaka ganzi ikaanza kutoka. Akamuuliza kama amekula, akaambiwa bado. Akamuuliza wanalala watu wangapi, akaambiwa wote chumba kimoja, na mashine. Akauliza kwa nini, na nyumba ipo.

"Mjomba anasema hapakuwa na nyumba."

"Mwite."

Mjomba alikuwa ameshafika, fimbo mkononi. Alikuwa mzee wa kuheshimika, na dada yake aliyekuwa ndani ya ukuta angeweza kuwa binti yake, lakini mkubwa ni mkubwa. Akavua kofia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Naona umejenga."

"Tumejikongoja kidogo, dada."

"Umeuacha ukuta wa jiko langu, ukaupaka plasta juu."

"Ulikuwa imara. Kuuvunja niliona ni hasara."

"Nyumba nilisema ya nani?"

Mjomba alikohoa. Akautazama uwanja, akaitazama fimbo yake. Mwoshaji alisogea karibu zaidi na tundu, kwa sababu neno alilolisubiri tangu utoto lilikuwa sasa liko mdomoni mwa mtu, na shahidi alikuwa amechuchumaa mbele yake, anakohoa moshi.

"Mjomba," alisema, "uliniambia hapa palikuwa pori."

Mjomba akachungulia tunduni. Akaona mafiga, akaona rafu, akaona kikombe. Aliangalia kila kimoja kwa makini, kama mnunuzi.

"Ndiyo," alisema. "Palikuwa pori."

 Mama alichukua kijinga kimoja cha moto akakisogeza karibu na kingine. "Mwanangu," alisema, "hilo tundu ni dogo. Lipanue uingie. Ukiwa ndani, aje akutoe huyo anayejua mapori."

Lilikuwa wazo zuri na ncha nyekundu ilikuwa tayari imechomekwa. Mwoshaji alishika bunduki, akarudi hatua moja, akabonyeza. Yakatoka matone machache ya uvuguvugu, kisha hewa. Ndipo aliposikia kwamba mashine ilikuwa inanguruma muda wote ule waliokuwa wanasalimiana. Maji ya moto yalikuwa yanatiririka chini ya pampu, na harufu ya mpira ulioungua ilikuwa imeenea uwanja mzima. Akaizima, lakini ilikuwa kama kufunga zizi ng'ombe wameshatoka.

"Pole," mjomba alisema, na alimaanisha. "Basi tutazungumza, dada. Wageni wakishaondoka."

Alimpigia simu fundi mwashi. Fundi alifika na mchanga na saruji, akaweka ndoo chini, akasalimia mpaka ndani. Mama alimwomba amwachie upenyo wa moshi.

"Mkubwa kiasi gani, mama?"

"Ngumi inatosha."

Fundi alipima kwa ngumi yake mwenyewe, akaomba radhi kwa vumbi, akaziba kwingine kote. Mjomba alimwambia azidishe saruji.

Mwoshaji aliikokota mashine mpaka nyumbani. Mumewe alijiviringisha kutoka kwenye mkeka, akaifungua pampu juu ya gazeti, akazitoa sili, zile pete za mpira, zilizoyeyuka na kuzipanga mstari mmoja.

"Uliiacha inanguruma."

"Nilikuwa naongea na mama."

"Hata kama." Aliinua sili moja kwenye mwanga. "Unazima kwanza, ndipo unasalimia."

 Mwoshaji alikaa ukingoni mwa kitanda, na uchungu aliousikia ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuwa na nguvu ya kuulilia. Angalau sasa alijua kwamba kikombe hakukiota. Aliwaambia watoto, mmoja akauliza lini watahamia, mwingine akamwambia anyamaze amwachie mama apumzike.

Wageni walikuja wakaondoka, na mjomba hakuzungumza. Lakini moshi hauna adabu. Kila jioni hutoka kwenye ule upenyo na kupaka ukuta masizi mapya, na mjomba hapendi ukuta mchafu. Kwa hiyo kila masizi yakikolea humpigia mpwa wake, humlipa vizuri, wala haombi tena apunguziwe. Wenye kazi hii watakwambia kwamba wateja kumi wa kupita hawamfikii mmoja wa kudumu, na mwoshaji ana watoto wa kulisha. Basi naye huenda kazini. Getini mjomba hunyoosha kiganja, naye humkabidhi ncha nyekundu, na akimaliza kazi hurudishiwa.  Hilo ndilo linalomuuma mwoshaji kuliko plasta ya fundi: kwamba mjomba anajua kabisa kilichomo, na anamjua na yeye, kwamba ataitoa ncha bila kubishana.

Hupaka sabuni kutoka chini kwenda juu. Akifika kwenye upenyo, huzima mashine, hubonyeza bunduki mpaka presha iliyobaki kwenye mpira iishe, ndipo anainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjomba wako amesemaje?"

"Amesema mtazungumza."

"Haya," mama husema, na husikika akipuliza makaa. "Washa mashine yako umalize kabla jua halijazama. Ila simama mbali, mwanangu, usinizimie moto."

Naye huwasha, husimama mbali, na huuosha ukuta wa mjomba mpaka uwe mweupe.