Mkono wa Pweza

Iolanda Ceccarini hakukosa usingizi. Asubuhi Dokta Lanteri alipofika kutoka Roma, alimkuta ameshakunywa kahawa na kujifunga aproni. Alikuja kukagua sakafu ya kale ya vijiwe vya rangi, yenye samaki, kamba na pweza mmoja mkubwa, iliyoibuka chini ya shamba la mboga za artichoki la baba yake Iolanda. Mji ulijenga makumbusho juu yake, na Iolanda ndiye fundi wake kwa miaka thelathini. Barua iliyotangulia kutoka Roma ilisema wazi: ukionekana udanganyifu wowote, sakafu inang'olewa na kupelekwa Roma. Wakubwa wa Roma nao wanavipenda sana vitu vya wenzao.

Dokta alipiga magoti, akapitisha kidole. Sheria ya kazi hii kila fundi anaijua: ukiziba pengo, vijiwe vyako vikae chini kidogo kuliko vya kale, mgeni asidanganyike. Viraka vya Iolanda vilikuwa hivyo vyote. Lakini kwenye mkono mmoja wa pweza palikuwa na vijiwe vyekundu vya ovyo, visivyolingana na vingine, na kidole hakikushuka. Dokta akasimama, akapangusa magoti, akasema kiraka kimefichwa na yeye hana budi kuandika.

Quirino, shemeji yake Iolanda aliyelinda mlango, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Iolanda alimwambia anyamaze, asimtie aibu.

"Dokta, kazi mbaya namna hii mimi sijawahi kufanya. Hata nikiwa na homa."

"Basi kafanya nani?"

"Tufukue tuone. Chini ya kila kiraka changu naweka kibati chenye mwaka. Ukikikuta hapo, sakafu nakubebea mwenyewe mpaka garini."

Kugusa kijiwe cha kale si mchezo, na Quirino alijishika kichwa. Dokta alisitasita, kisha akatikisa kichwa kukubali. Iolanda akashika patasi, akatoa vijiwe vitano, kimoja kimoja, akavipanga kwenye karatasi kwa mpangilio wake uleule.

Kibati hakikuwepo. Ilikuwepo chokaa ya kale iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa, ngumu kama mfupa, na katikati yake alama ya dole gumba. Mtu aliikandamiza ikiwa mbichi, kwa haraka, karne kumi na nane zilizopita.

Dokta alitia dole lake mle, likapwaya. Iolanda akatia la kwake, likaenea sawasawa. Hapo kiburi chote kilimwisha, machozi yakamlengalenga, na hakuona haya.

"Mzembe wewe," alimwambia yule fundi mwenzake kwa upole. "Ulidhani mwenye nyumba hatainama kuangalia."

Kisha akamgeukia Dokta.

"Andika sakafu inabaki. Na andika ilikuwa na mafundi wawili zamani, wa pili alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Dokta akatoa kalamu, akaandika yote mawili.