Kilichoikaba Feni ya Hita

Asubuhi ile kioo cha mbele kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani, na Mama Pacha alikuwa akikifuta kwa taulo huku mumewe akiendesha. Alianza upande wa mumewe, akaja wake, na alipomaliza wake, ule wa mumewe ulikuwa umeshajaa ukungu tena. Gari lilikuwa la zamani, lenye milango mizito na viti vilivyochanika pembeni, na feni ya hita haikuwa imepuliza hata kidogo tangu baridi ianze. Hita yenyewe ilikuwa nzima. Ukiweka kiganja juu ya dashibodi ulihisi joto limekaa humo ndani, halina wa kulitoa.

"Mimi naona tungepi—" alisema Mama Pacha.

"Tunapita kwa fundi," alisema Baba Pacha. "Hatuwezi kupanda mlimani kwa dada yako namna hii. Nimeshaamua."

Baba Pacha hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumfokea mkewe wala kulala na kinyongo. Ila alikuwa mwepesi wa kuelewa. Mtu akifungua kinywa, yeye alikuwa ameshafika mwisho wa sentensi, na akishafika huko hakuona sababu ya kumsubiri mwenzake. Wale pacha wao walikua wakiongea mbiombio kama watu wanaokimbilia basi. Sasa mmoja alikuwa akitangaza mpira redioni, mwingine akinadi ng'ombe mnadani. Mama Pacha hakujaliwa kasi hiyo. Maneno yake yalipenda kuvaa viatu kwanza ndipo yatoke.

Fundi umeme wa magari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye tochi iliyofungwa kichwani. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Aliwasha gari, akageuza swichi ya feni kutoka namba moja hadi ya mwisho, akasikiliza. Kimya.

"Ni fyuzi," alisema Baba Pacha.

Fundi aliitoa fyuzi, akaimulika. Ilikuwa nzima.

"Basi swichi."

Fundi aliipima swichi. Umeme ulikuwa unaingia na kutoka vizuri.

"Nilitaka kusema rezista, kile kidude cha kupunguza kasi."

"Ingekuwa rezista, mzee, namba ya mwisho ingefanya kazi," alisema fundi. "Ile haipiti huko."

Kisha alivuta nyaya mbili kutoka kwenye betri na kuzigusisha moja kwa moja kwenye mota ya feni. Mota ilinguruma kama mtu aliyezuiwa mlangoni, lakini haikuzunguka.

"Mota inataka," alisema fundi. "Kuna kitu kimeikaba."

Alilala chali upande wa abiria, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akafungua skrubu na kuishusha feni taratibu. Vikaanguka vitu vya kijivu, laini, vyenye unyevu, kama nyuzi zinazobaki mfukoni suruali ikishafuliwa. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa kidole, na ncha moja imekatika. Fundi aliokota kimoja, akakipasha joto kati ya viganja.

"Kata kushoto ha—" kilisema, kwa sauti ya Mama Pacha.

"Maneno," alisema fundi. "Ni ya mama haya. Magari mapya yana chujio. Haya ya zamani yanavuta kila kinachoachwa hewani. Majani, manyoya, sentensi. Juzi nimetoa panya."

Mama Pacha alivuta kigoda akakaa. Alijisikia kama mtu aliyeonyeshwa nguo zake za utotoni: alizijua, na alishangaa kidogo tu jinsi zilivyokuwa ndogo.

Fundi aliendelea kutoa sentensi, akiziweka kwenye beseni. Chache zilipata joto la mkono wake na kusema.

"Buti hujafu—"

"Ah, siku ile," alisema Baba Pacha, ambaye siku ile alirudi na mkewe kuokota nguo zilizomwagika barabarani kutoka nyuma ya gari, hadi jua likazama.

"Mimi samaki sipe—"

"Sipeleki. Hukuwa unapeleka samaki mahali, nakumbuka."

Mama Pacha alikuwa amekula samaki kila Ijumaa tangu waoane.

Ile iliyokuwa imejiviringisha kwenye mhimili wa mota ilikuwa nene kuliko nyingine zote, na fundi ilibidi aitoe kwa koleo. Aliipasha joto muda mrefu.

"Ile nyumba ya mama yangu tusii—"

Baba Pacha aliinama kuiangalia. Nyumba ile waliiuza. Watu wengine walikuwa wametundika mapazia yao humo, na mti wa mlimao wa uani ulikuwa umekatwa kupisha maegesho.

"Ulikuwa unataka kusemaje?" aliuliza, na aliuliza kwa upole.

Mama Pacha alivuta pumzi. Fundi alizima tochi ya kichwani, kwa heshima.

"Nilikuwa nataka tusii—"

"Tusiikarabati," alisema Baba Pacha, akatikisa kichwa. "Kweli kabisa. Na hatukuikarabati. Unaona tunavyoelewana?"

Kitu cha kijivu kilidondoka miguuni mwa Mama Pacha. Fundi alikiokota, akakitia kwenye beseni pamoja na vingine.

Feni iliporudishwa ilizunguka kwa namba zote, na joto likatoka kwa kishindo, likanuka vumbi. Baba Pacha alifurahi sana. Alitaka kujua jinsi ya kuzuia jambo hilo lisitokee tena.

"Kuna njia mbili," alisema fundi. "Ya kwanza, mzee, ni wewe kum—"

"Wavu," alisema Baba Pacha.

Fundi alimtazama Mama Pacha, kisha akakata kipande cha wavu wa mbu na kukifunga kwenye tundu la kuvutia hewa.

Wavu ulifanya kazi. Njiani kuelekea mlimani hakuna neno lililoingia kwenye feni. Yalijilundika juu ya dashibodi, na gari lilipokata kona yaliteleza huku na huku mpaka Baba Pacha akalalamika kwamba yanamziba asione mbele. Mama Pacha akafungua mkoba wake akayazoa. Mkobani yalikuwamo tayari yale ya kwenye beseni, maana aliyaomba, na sasa zipu haikufunga.

Kwa dada yake waliwahi kabla ya mchana. Baba Pacha alibaki nje kumwonyesha jirani jinsi feni inavyopuliza, na jirani alikuwa amefungua kinywa kuuliza kitu. Ndani, Mama Pacha aliumwaga mkoba juu ya meza. Dada mkubwa alisogeza vikombe bila kuuliza, akachagua kipande kimoja cha sentensi kutoka juu, akakifumbata kiganjani.

"Juzi nimeota ku—" kilisema.

"Enhe," alisema dada, na akanyamaza.

Mama Pacha alisubiri akatizwe. Ukimya uliendelea kukaa pale mezani, mpana, hauna mwenyewe. Akaanza kuutafuta mwisho wa sentensi, na akagundua kuwa ulikuwa bado mbali sana. Dada yake akavua viatu, akapandisha miguu juu ya kochi.